Kaka, huyu baba wa kwenye kitabu nataka umjue

Kaka Hamisi, shikamoo. Mama, shikamoo mama yangu. Wifi Rehema mambo vipi mpenzi, na watoto nawabusu mmoja mmoja. Mi huku Trichy, India, ni mzima namshukuru Mungu, chuo kinaenda, shida ni joto tu, usiku feni inazunguka lakini inachosukuma ni hewa ya moto. Barua naituma kama faili kwenye WhatsApp maana nikirekodi voisi nitalia katikati afu hamtaelewa kitu. Kaka naomba uisome kwanza peke yako ukishawalaza watoto, alafu ukiona inafaa umsomee Mama kwa sauti, macho yake na simu saivi haviendani.

Nianze na kilichonifanya niandike. Voisi zote za kwenye grupu la familia nimezisikiliza. Mjomba anasema umelishwa limbwata, Shangazi anasema mwanaume mzima unaanikaje nepi uani watu wanapita wanaona, Mama wewe hukusema mengi ila ule mguno wako wa mwisho niliusikia. Na Kaka hukujibu kitu, uliandika tu "sawa nimewasikia" ukanyamaza, na mi nakujua, ukinyamaza hivyo ujue imekuingia. Toka kiwanda kiwapunguze na wifi akabaki ndo mwenye mshahara, wewe ndo unaamka na watoto, wewe ndo unampeleka kichanga kliniki, wewe ndo jikoni, wewe ndo kwenye foleni ya maji na ndoo zako. Na hiyo ndo inaitwa aibu ya ukoo. Sasa huku nimekutana na riwaya moja, inamhusu baba wa hali kama yako hivyohivyo, na nimeipenda kuliko vitabu vyote nilivyowahi kusoma shuleni na nje ya shule, kwa hiyo tulia nikuhadithie vizuri.

Inaitwa Thayumanavan, ya Kitamil, mwandishi ni Balakumaran. Ukitaja hilo jina huku kwa mtu wa umri wa Mama anakuchangamkia saa hiyohiyo, anakuuliza we umemjulia wapi. Alizaliwa 1946 upande wa Thanjavur, si mbali na hapa, akafariki Chennai mwezi wa 5 mwaka 2018, na katikati hapo kaandika vitabu zaidi ya 150, vingi vyake vilikuwa vinatoka kidogokidogo kwenye magazeti ya kila wiki, watu wanasubiri wiki ijayo wajue imekuwaje. Na filamu pia. Ile Baasha ya 1995, Rajinikanth ndo dereva wa bajaji, maneno wanayosema mle ndani kaandika yeye, na Nayakan ya 1987 aliyocheza Kamal Haasan, maneno yake pia. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa mwajiriwa kwenye kampuni ya matrekta hapo Madras, ndo Chennai ya sasa, kwa hiyo mambo ya viwanda, bosi, mgomo, mtu kurudishwa nyumbani, hakuyasikia kwa watu. Hata riwaya yake ya mwanzomwanzo, Mercury Pookkal, inazungukia kiwanda na mgomo. Ndo maana akiandika kuhusu mwanaume ambaye kazi imeisha, anaandika kama mtu aliyekaa naye kantini.

Hadithi ukiisikia juujuu utasema ni nyepesi. Baba anafanya kazi kiwandani, kazi inaisha, mke anatoka kwenda kutafuta, baba anabaki nyumbani na watoto na jiko. Basi. Sio hadithi ya mapanga na risasi. Ila kinachofanya watu wa huku waibebe moyoni miaka yote hii ni kwamba yule baba habaki nyumbani kama mtu anayesubiri basi stendi, anaingia kwenye ile kazi mzimamzima, na akiwa humo ndo anaona kumbe mke wake alikuwa amebeba nini siku zote ambazo yeye anarudi jioni anakuta sahani imefunikwa. Anakuwa baba na anakuwa mama, na watoto wanalelewa na huyo mtu mmoja mwenye mikono miwili.

Kitamil mi nakisoma kwa kudonoa, herufi zake za mviringo mpaka leo zinanichanganya, kwa hiyo kitabu nasomewa. Anayenisomea ni mzee mwenye nyumba ninayopanga, tunamwita Aiya, mkewe tunamwita Amma, ndo wanavyoitwa wakubwa huku. Nyumba za kizamani za hapa zina baraza mbele kabisa, ya kukalia, imenyanyuliwa kidogo, ukiiona tu unajua hapa watu huwa wanakaa wanaongea jioni, na Aiya akishakunywa kahawa yake anatoka na kitabu, anasoma ukurasa kwa sauti, anavua miwani, ananieleza kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kitamil nusu kwa nusu. Kitabu chenyewe kimechakaa, gamba limebandikwa kwa gundi, kurasa zimekuwa za njano. Sehemu nyingine anasoma afu hanielezi, anakaa kimya, namwacha.

Sasa sikia hilo jina limetoka wapi maana bila hapo hujaielewa riwaya. Katikati ya huu mji kuna mwamba. Mji mzima ni tambarare afu ghafla jiwe limesimama, mita 83, na juu ya jiwe kuna mahekalu, unapanda kwa ngazi zaidi ya 400 zilizochongwa ndani ya mwamba wenyewe, giza na ubaridi, miguu peku. Kileleni kuna hekalu la Pillaiyar, yule mungu wao mwenye kichwa cha tembo, ukifika pale unauona mto Kaveri wote na ng'ambo yake kisiwa cha Srirangam na mnara wake wa karibu mita 72. Ila katikati ya safari ya kupanda, kabla ya kileleni, kuna hekalu la Shiva, mungu wao Wahindu, na Shiva wa hapo ndo anaitwa Thayumanavar, yaani yule aliyekuwa mama pia. Mi sio Mhindu kwa hiyo kwenye chumba chenyewe cha ibada siingii, napita zangu naenda juu kupunga upepo, lakini kisa chake nimekisikia kwa Amma, kwa wauza maua, kwa dereva wa bajaji, kila mtu anacho.

Kisa chenyewe hiki. Kulikuwa na binti anaitwa Rathnavathi, kaolewa hapa, ana mimba ya kwanza. Desturi ya huku, na si unajua na kwetu ipo, mimba ya kwanza binti anataka mama yake awepo. Mama akafunga safari kutoka Poompuhar huko pwani na vitu vyote vya uzazi, dawa, mafuta, nguo. Kufika mtoni, Kaveri imefurika, hakuna chombo kinachovuka. Huku uchungu umeshaanza, binti analia, mama haji, akamwita Shiva wa pale mwambani. Shiva akaja na sura ya mama yake yuleyule, na mzigo wake mkononi. Akamzalisha. Na hakuishia hapo, akabaki, akamhudumia mzazi, akamwogesha mtoto, akampa dawa, siku zikaenda mpaka maji yakapungua. Mama wa kweli akavuka akabisha hodi, na mle ndani yupo mama mwingine, sura moja. Wakabaki wanaangaliana, ndo yule wa kwanza akatoweka. Mpaka leo waliojifungua salama wanapeleka mikungu ya ndizi pale hekaluni, nimewaona kwa macho yangu, mwanaume kabeba mkungu begani anapanda ngazi jasho linamtoka, mkewe nyuma na kichanga.

Kaka sasa fikiria. Mwandishi ana mtu wa kiwandani asiye na kazi, yupo jikoni, na watu wa mtaani huku nao midomo wanayo, wasidhani ni Morogoro tu. Na anatafuta jina la kitabu. Anamwendea huyo mwenye kukaa mwambani, anachukua jina lake anampa fundi asiye na kazi. Sio jina la kumwonea huruma, wala la kumcheka. Ndo hapo mi nilipokipenda hiki kitabu, kabla hata Aiya hajamaliza kunisomea sura ya kwanza. Na nikakaa nikawaza, Shiva kwenye kisa alikaa mpaka mto uliposhuka akaondoka zake, lakini baba wa kwenye kitabu mto haushuki, kesho asubuhi watoto wanataka chai, keshokutwa wanataka chai, na wewe Kaka hivyohivyo. Mi naona hiyo ni kubwa kuliko kisa chenyewe, na nilimwambia Aiya hivyo, akatikisa kichwa kile kichwa chao cha kushoto kulia ambacho ndo ndiyo yao.

Amma yeye ana maneno yake na lazima niyaweke hapa maana ni ya kweli. Alikuwa anachambua mbaazi mbichi anatusikiliza, akasema, "Mwanaume akipika anaandikiwa kitabu, mimi nimepika miaka 40 nani kaniandikia?" Aiya hakubisha. Akasema huyo mwandishi ndo alichokuwa anataka tukione, kwamba ili watu waione hii kazi ilibidi aivalishe mwanaume. Wakaendelea kuongea kwa Kitamil harakaharaka nikapotea. Ila toka siku ile kila nikikifikiria kitabu namfikiria na Amma, na nakufikiria Mama, utaona huko chini.

Aiya kwa nini anakipenda hivi, hiyo alinieleza baadaye sana. Alikuwa fundi wa vyuma, kulehemu, kuchonga, na miaka hiyo kiwanda alichokuwa kilifunga milango kukawa na mvutano mrefu wa wafanyakazi na wenye mali, akabaki nyumbani na watoto wadogo wawili. Amma alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wake ndo ukawalisha. Anasema miezi ya kwanza alikuwa anafua usiku, taa imezimwa, ili majirani wasimwone anaanika. Kaka, nilivyosikia hapo ndo nikaamua hii barua lazima niiandike, kwa sababu wifi aliwahi kuniambia na wewe nepi unazianua kabla hakujapambazuka. Watu wawili hamjuani, bahari katikati, mnajificha na kamba ya nguo.

Anasema kilichombadilisha sio mawaidha ya mtu. Mtoto wake mdogo alishikwa na homa kali, usiku, Amma kalala kachoka, na mtoto akaamka analia anamwita yeye, sio mama yake. Yeye. Anasema kesho yake alianika nguo saa nne asubuhi jua linawaka. Na kitabu alikuja kukipata baadaye, kazi ameshapata nyingine, rafiki yake alimpa akamwambia soma huyu ni wewe.

Saivi ni mstaafu na kazi za nyumbani hajaziacha. Asubuhi bado giza Amma yupo kwenye sala zake, Aiya anatoka na ndoo, anamwagia maji pale mbele ya mlango, anafagia, maji yakishanyonywa kidogo anachuchumaa na kopo la unga wa mchele. Huku kila asubuhi mlangoni wanachora kolam, maua maua ya mistari, na ni kazi ya wanawake toka zamani. Anaanza na nukta, anaziweka kwa safu, unga anauachia kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono hautetemeki, afu anavuta mstari unazunguka zile nukta unapita huku unarudi kule mpaka unakutana na ulipoanzia, haukatiki. Vidole vile vilivyozoea mashine ya kulehemu, viwili vina makovu. Siku zile za Desemba na Januari, mwezi wao wa Margazhi, mtaa mzima wanashindana kwa ukubwa, na yake watu wanasimama kuiangalia. Kuna kijana alipita na pikipiki akacheka akasema kitu, Aiya hakuinua hata kichwa, akamalizia mstari wake.

Na ule ujiuji wa idli, zile andazi zao za kuchemsha kwa mvuke, yeye ndo anausaga. Mchele vikombe vinne, ulundu kikombe kimoja, ulundu ni dengu nyeusi zilizokobolewa zikabaki nyeupe, vinalowekwa mbalimbali, vinasagwa mbalimbali, afu vinachanganywa kwa mkono na chumvi, lazima mkono, anasema joto la mkono ndo linauchachua, unalala usiku asubuhi umeumuka. Nilimwambia kwetu Kaka yangu anajua kupika vitumbua vinavimba juu ya chuma mpaka vinatoka mviringo kabisa, akafurahi sana, akaniambia kumbe tuko fundi wawili.

Kitu kingine Amma aliniuliza kikaniacha na mawazo. Aliuliza mtoto mkubwa wa kaka yako ana umri gani, nikamwambia Zuwena ana 11. Akauliza, akivunja ungo yupo nyumbani na nani? Huku binti akivunja ungo inakuwa sherehe, wanamwogesha maji ya manjano, wanamvika sari, mjomba wake ana nafasi yake ya kuleta zawadi. Mi nikamweleza kwetu Uluguru nako mwali ana mambo yake, ana somo wake, ana bibi, mjomba pia ana sauti kubwa kwa sababu sisi ukoo unahesabiwa kwa mama. Lakini Kaka ukweli ni kwamba wifi akiwa zamu ya usiku, siku hiyo ikitokea saa tisa za usiku, atakayegongewa mlango ni wewe. Nakuomba usikimbie umpigie simu Shangazi ukamwacha mtoto amesimama hapo mlangoni anatetemeka. Pedi ziwepo ndani kabla, mwambie wifi akuonyeshe zinavyowekwa, na siku ikifika mwambie mwanao hajaumwa, amekua, afu mchemshie maji. Mengine ya kimila bibi na somo watakuja kwa wakati wao. Hilo naliandika bila aibu na wewe lisome bila aibu.

Hayo sio maneno ya moyo wangu tu, si unajua masta yangu ni ya ustawi wa jamii, haya mambo tunayasoma darasani. India walifanya utafiti wa taifa mwaka 2019 wa mtu anatumiaje saa zake 24. Wanawake waliofanya kazi za nyumbani bila kulipwa ni 81 kwenye kila 100, na kila mmoja anatumia dakika 299 kwa siku, karibu saa tano. Wanaume ni 26 kwenye kila 100, na hao waliofanya ni dakika 97. Huku Tamil Nadu, jimbo hili nililopo, serikali tarehe 15 Septemba 2023 ilianza kuwapa akina mama wenye kaya zao zenye kipato kidogo rupia 1,000 kila mwezi, zaidi ya wanawake milioni 10, na hawakuiita msaada, waliiita haki yao. Mama mmoja muuza jasmini pale stendi ya Chathiram aliniambia hela ni ndogo lakini ni mara ya kwanza serikali inakubali kwamba nyumbani alikuwa anafanya kitu. Na mwaka huohuo mwezi wa 6 Mahakama Kuu ya Madras ilihukumu kesi ya mume aliyekuwa anafanya kazi Saudia na mke aliyebaki na watoto, jaji akasema mali ile mke amechangia kwa kulea na kutunza nyumba, ana haki ya nusu.

Hapo nilinyoosha mkono darasani. Nikawaambia kwetu Tanzania hilo lilishasemwa 1983, Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikatafsiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Miaka 40 kabla yao. Darasa zima liligeuka kuniangalia, na nilijisikia vizuri sana kwa ajili ya nchi yangu. Mwambie Mjomba hiyo, yeye anayependa kusema sheria sheria. Kama mahakama kubwa ya nchi imesema anayepika na kulea anajenga nyumba, basi Kaka saivi anajenga nyumba ya Rehema na Rehema anajenga ya Kaka, limbwata liko wapi hapo?

Mama sasa nakuja kwako, Kaka soma hapa polepole. Mama, Baba alipofariki mi nilikuwa la tatu. Nakumbuka ulikuwa unaamka ukichoma maandazi saa kumi, saa moja umeshatuvalisha, mchana sokoni, jioni unafua sare za shule zikauke kwa moto wa mkaa maana zilikuwa mojamoja. Ulikuwa mama na ulikuwa baba, mtaa mzima walikusifia, wakasema mwanamke jasiri. Hakuna aliyesema umejigeuza mwanaume. Sasa Hamisi anafanya nusu ya yale yale, tena alijifunza kwako, nani alimfundisha kuonja uji wa mtoto nyuma ya kiganja? Ukiguna kwamba kazi anayofanya inamshusha, Mama yangu, maana yake yale uliyotufanyia wewe yalikuwa ya chini, na mi hilo sitalikubali hata uniambie mwenyewe. Yalikuwa ya juu kabisa. Na ndo hayohayo anayofanya yeye. Naomba kwenye grupu useme neno moja tu la kumtetea, wewe ukisema Mjomba na Shangazi watatulia, wanakuheshimu.

Wifi Rehema na wewe usijione una deni. Najua ukirudi kutoka zamu unakimbilia vyombo ili watu wasiseme. Lala kwanza. Amma anasema miaka ile kitu kilichomuumiza sio Aiya kukosa kazi, ni watu kumwambia yeye amemkalia mume, wakati amesimama darasani kutwa na akirudi wanamhesabia kama kosa. Wanaosema hawajawahi kukupokea mlangoni na chai, Kaka anakupokea.

Na Kaka kazi zikitokea ukaitwa, nenda, sisemi ukae nyumbani maisha. Fundi mzuri we, na hela inahitajika, gharama ya Zuwena mwakani sekondari sio mchezo hata kama karo imeondolewa, kuna sare na madaftari na michango. Ninachotaka ni usiihesabu hii miezi kama miezi uliyokuwa huna kitu cha kufanya. Ukiulizwa unafanya nini, sema. Pale kliniki walipokuuliza mama wa mtoto yuko wapi mbele ya wanawake wote, ulimjibu nesi vizuri, wifi alinihadithia, ulisema "mama yuko kazini, mimi ndo niko hapa, kadi hii hapa." Jibu hilohilo liwe la kila mtu.

Kitabu hatujakimaliza, Aiya anasoma taratibu na siku nyingine anarudia ukurasa wa jana kwa sababu anaupenda. Nikifika mwisho nitakuhadithia wote. Yeye mwenyewe ameshakuzoea, kila jioni lazima aniulize "Anna wako leo kapika nini," anna ndo kaka, na mi nambunia tu kwa sababu siambiwi. Nimemwambia kuhusu mlenda, anataka kujua unakolezwaje bila kukatika ule mvuto wake, na magadi ni kiasi gani, na kama bamia za huku zinafaa. Anataka pia kujua kichanga Mariamu analala kwa wimbo gani. Niandikie kwa mkono wako, usirekodi, niweze kumtafsiria neno kwa neno, na utume na picha ya vitumbua vikiwa bado kwenye chuma. Hela kidogo nimetuma kwa wifi kwenye M-Pesa kupitia rafiki, nusu ni ya miwani ya Mama, mpelekeni wiki hii asisubiri tena.

Mdogo wako anayekupenda,
Asha